Jibu kwa mdogo wangu wa Lindi: kemia na uhandisi ujenzi

Umeuliza kama ukisomea uhandisi ujenzi utakuwa umeagana na kemia. Hapana, tena huku kwetu pwani ndiyo utaihitaji zaidi. Juzi nilikuwa Mikindani kwenye nyumba moja karibu na maji: nguzo ya baraza imepasuka kwa urefu, nondo ndani imevimba kwa kutu, ukiigusa inabanduka magamba. Ni chumvi hiyo. Kloridi, kemikali iliyomo kwenye chumvi ya bahari, hupenya kwenye zege, huvunja utando unaoilinda nondo, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi zege hupasuka. Nakuomba sana, usije ukamruhusu fundi achanganye zege la nondo kwa mchanga wa ufukweni.

Saruji nayo haigandi kwa kukauka kama tope, inaungana na maji kikemia. Ndiyo maana tunaimwagilia, na nguvu ya zege hupimwa siku ya 28.

Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uhandisi ni miaka 4, shahada ya kemia 3. Kama uko PCM (fizikia, kemia na hisabati), unaweza kuomba yote mawili. Ukiona moyo uko maabara, chukua kemia bila woga. Kiwanda cha saruji hakiendi bila mkemia.