Mwanangu kaiba betri, mwenye mtumbwi anataka akamtumikishe usiku

SWALI: Dada habari za kazi. Nakaa Igogo hapa Mwanza. Mwanangu wa miaka 15 na mwenzake waliiba betri ya taa za dagaa wakamuuzia fundi simu elfu 30, hela yote ikaishia kwenye chipsi na bando. Mwenye mtumbwi ni jirani yetu, anasema polisi haendi ila dogo aingie ziwani giza hili lote avute dagaa mpaka deni liishe. Baba yake kakubali, anasema afadhali hivyo kuliko selo. Mimi roho inakataa. Sheria inasemaje?

JIBU: Pole sana mama. Kwanza huyo jirani mshukuru, maana wengine wangepiga yowe la mwizi pale mwaloni mitumbwi inakoshushia samaki na unajua hizo yowe huwa zinaishaje. Ila mtumbwini hapana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18, na imekataza kumfanyisha kazi kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, sasa dagaa wanavuliwa saa ngapi kama sio hizo hizo? Na ziwa likichafuka huko ndani, huyo jirani atakuja kukwambia nini?

Alipe kwa kazi, sawa, hata mimi naona inamfundisha kuliko viboko, lakini iwe mchana: jumamosi asubuhi afagie mwalo, aanike dagaa, ashone nyavu zilizochanika, shule asikose hata siku moja. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii muandike kabisa kazi ni gani, masaa mangapi na inaisha lini, maana deni la mdomo huwa haliishi, leo betri kesho utaambiwa na taa.

Najua mtaani watu wanasema "si kuna huduma kwa jamii". Ipo, sheria yake ni ya 2002, ila hiyo inatolewa na mahakama mtu akishatiwa hatiani kwa kosa ambalo mahakama inaona kifungo chake kisizidi miaka 3, yaani doa limeshaingia. Yenu ni makubaliano ya majirani tu, ndo maana nakazania ustawi wawepo.

Na baba yake mwambie hata ikifika kwa pilato, kesi inaenda Mahakama ya Watoto, inasikilizwa faragha na mzazi akiwepo, ustawi nao wanakuwepo, na mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Asiogope mpaka akamtoa mwanae sadaka.

Halafu mbona huyo fundi simu hamumtaji? Mtu mzima ananunua betri kwa watoto wawili bila kuuliza imetoka wapi, na kununua mali ya wizi huku unajua ni kosa. Mfuateni leo leo na mwenyekiti, kabla hajaiuza tena.