Mwezi wa kalenda au mwezi wa angani?

Shangazi yangu anaanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Kwa miaka amekuwa akiandika kwenye daftari tarehe, ndoo alizonunua na bei. Nilipojifunza Excel, programu ya majedwali, nilimwomba daftari lile, nikaliingiza lote kwenye kompyuta. 14, 9, 0, 22. Hizo ndizo data. Mtu asiyejua kwamba zinahesabu ndoo hazimwambii kitu.

Nikajumlisha ndoo za kila mwezi, nikachora grafu. Data ikishapangwa ikajibu swali huwa taarifa, na mimi nilidhani nimeshaipata. Grafu ikatoka karibu bapa. Nikamwambia shangazi dagaa hawana mpangilio wowote. Akaniuliza, "Mwanangu, umehesabu mwezi gani? Wa kalenda au wa angani?"

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, maana hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti tena, na vipe vingi, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, hubaki ufukweni. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo kila mwezi wa kalenda hubeba giza lake na mbalamwezi yake. Kwa kujumlisha, nilikuwa nimezichanganya mwenyewe. Ukutani kwake kuna kalenda yenye tarehe za Kiislamu, nazo hufuata mwezi mwandamo. Nikaongeza safu moja ya tarehe hizo, nikapanga upya. Bonde likajichora katikati, kuanzia tarehe 12 hadi 18 hivi.

Shangazi hakuhitaji grafu ile. Siku zote hamwahidi mteja wa Tabora mzigo mpya katikati ya mwezi mwandamo. Hayo ndiyo maarifa, na hayakuwamo kwenye safu yoyote. Kwa hiyo kabla hujachora chochote, kaa na aliyeandika daftari.

Muulize hasa kuhusu sifuri. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, nami siku zote hizo nikajaza 0. Nikajaza 0 hata siku alizokuwa anaumwa. Excel ikitafuta wastani huruka seli tupu, yaani kisanduku kisichoandikwa kitu, lakini 0 huihesabu, basi wastani wangu ukashuka bila sababu ya kweli. Siku ambayo hakuna kilichopimwa, acha seli tupu na uandike sababu pembeni. Sasa shangazi huandika mwenyewe daftarini: G ni giza, M mbalamwezi, F ziwa limefungwa, na U ni siku aliyougua.