Mbona kila kitu kinaonekana?

SWALI: Kaka, nilipiga picha mwaloni Kirumba alfajiri: mama kabeba beseni la dagaa, nyuma yake mitumbwi. Nikaing'arisha kwenye simu hadi kila kitu kikaonekana. Sasa imepoa, kama ya kitambulisho. Nifanyeje ibaki na fumbo? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Umeshajijibu, mdogo wangu: "hadi kila kitu kikaonekana." Rudi kwenye picha ya awali (natumaini hukuifuta). Ukifungua Snapseed, ile programu ya simu ya kuhariri picha, usiguse kabisa ile sehemu ya kuongeza mwanga kwenye vivuli. Wengi hukimbilia hapo kwanza, sijui nani alitufundisha. Punguza mwanga wa jumla kidogo, kisha chukua brashi utie giza usoni kwa mama, taratibu, mpaka ubaki ukingo wa shavu na mng'ao wa dagaa. Mtazamaji ataanza na dagaa, halafu atamtafuta mwenye beseni. Wasafishaji picha wa enzi za filamu walifanya hivyohivyo kwenye chumba cha giza: sehemu waliyotaka iwe nyeusi waliiongezea mwanga kwenye karatasi ya picha (hiyo huzidi kuwa nyeusi kadiri inavyopata mwanga), huku wakikinga iliyobaki kwa mkono.

Halafu kata. Mitumbwi yote hiyo ya nini? Acha pua ya mmoja tu iingie kwenye fremu.

Ukungu wa kubandika achana nao. Watu wa Mwanza wanaujua wa ziwa lao. Na usikimbilie kuondoa rangi. Wengi hudhani picha nyeusi na nyeupe ndiyo yenye fumbo, lakini mimi ile buluu ya ziwa kabla ya jua nisingeigusa.