Kumuuguza mgonjwa Mumbai: lala upande gani wa reli?

Swali la wiki hii limetoka kwa msomaji anayempeleka mama yake Tata Memorial, ile hospitali ya saratani iliyoko Parel. Amepata chumba cha bei nafuu Andheri, karibu na uwanja wa ndege, na mwenye chumba kamwambia kwa treni ni nusu saa tu. Nusu saa ni kweli. Hakuambiwa ni nusu saa ya namna gani.

Mumbai ni mji mrefu mwembamba, na reli zake za abiria zinakwenda kaskazini na kusini. Asubuhi, kati ya saa 2 na saa 5, watu humiminika kusini makazini. Kuanzia saa 11 jioni hurudi kaskazini. Wataalamu wa reli huhesabu watu 14 hadi 16 waliosimama katika mita moja ya mraba. Chora mraba huo kwa chaki sakafuni kwako, uwaite majirani, uone kama hata wanane watatoshea. Sasa mweke humo mama aliyetoka kuchomwa dawa jana.

Kwa hiyo usiulize bei ya chumba kwanza, uliza kiko upande gani. Tafuta kusini ya Parel, kwa mfano Byculla, kwenye njia ya Central, reli inayopita Parel. Asubuhi utapanda treni ya kwenda kaskazini wakati umati unashuka kusini, vituo vitatu tu: Chinchpokli, Currey Road, Parel. Jioni ukirudi, uko tena kinyume na watu. Chumba kitakuwa ghali kidogo, lakini nauli ya teksi za kila siku kutoka Andheri itaila hiyo tofauti mapema sana.

Kama Andheri umeshalipa, basi ijue njia ya Western, reli inayopita Andheri. Ubao wa jukwaani unaonyesha herufi ya mwisho wa safari (C ni Churchgate, ndiko kusini), kisha S au F, saa, na idadi ya mabehewa, 12 au 15. Saa zao ni za kizungu: 9:40 ni saa 3 na dakika 40. S inasimama kila kituo, F inaruka. Wengi hupotelea hapo, maana kituo chako, kilicho karibu na hospitali kwenye njia hii, ni Prabhadevi, na F haisimami hapo. Ukishapanda F, shuka Dadar, ubadilishe uchukue S, kituo kimoja tu. Na usidanganywe na jina: Lower Parel ni kituo kingine, kinachofuata baada ya Prabhadevi, na ukishukia huko umeipita hospitali.

Mgonjwa wa saratani ana haki ya kupanda sehemu ya walemavu, na ajabu ni kwamba wageni wengi hawaijui. Ina alama ya kiti cha magurudumu, na vituo vingi vina kidude kinacholia pii, pii jukwaani mahali mlango wake utakaposimama. Beba karatasi ya hospitali, mkaguzi ataiuliza. Mabehewa ya wanawake yana picha ya mwanamke. Mengine ni yao saa 24, mengine kwa saa maalumu tu. Kaka anayemsindikiza mama asiingie humo, atatozwa faini.

Tiketi ya daraja la pili ni rupia 5 kwa safari fupi, 10 kwa Andheri hadi Prabhadevi. Ukikamatwa huna, faini ni rupia 250 juu ya nauli. Daraja la kwanza lina viti vya sponji, lakini asubuhi nalo hujaa, kwa hiyo usilinunue ukidhani utapata amani.

Treni husimama nusu dakika hivi, na milango ya treni za kawaida haifungwi. Sogea mlangoni kituo kimoja kabla, ukiuliza jukwaa litakuwa upande gani. Mgonjwa awe mbele yako, mkoba kifuani.

Mvua ikinyesha, msikimbilie ngazi za daraja la waenda kwa miguu la Prabhadevi. Tarehe 29 Septemba 2017, kituo kikiitwa bado Elphinstone Road, watu walijibanza humo kujikinga mvua huku treni zikishusha wengine, na 23 wakafa. Subirini jukwaani ngazi zipungue.

Nje ya kituo msitafute bajaji. Andheri zimejaa, lakini kusini ya Bandra na Sion, ndiko Parel iliko, haziruhusiwi, ingawa zimetengenezwa India hiyohiyo. Chukueni teksi nyeusi ya paa la njano, mmwambie dereva "Tata Hospital", na mhakikishe mita imewashwa kabla gari halijaondoka.