Q Isiyo na U: Ushauri kwa Wanaoanza Scrabble Kisumu

Wengi wanaojiunga hapa Kisumu na meza za Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi, huja na Kiingereza kizuri cha shule, na Kiingereza hicho hicho ndicho huwaponza wanapovuta herufi Q. Darasani walizoea kuona Q ikiandamana na U, kwa hiyo huishikilia raundi baada ya raundi wakingoja U ambayo huenda isije. Mfuko una kete 100, na kati yake Q ni moja, U ni nne na kete tupu, zinazosimama badala ya herufi yoyote, ni mbili. Huenda U mbili zimekwisha kulala ubaoni na nyingine iko mkononi mwa mpinzani. Anayengoja hucheza kwa kete sita badala ya saba, na hivyo hujinyima nafasi ya kupata zile alama 50 za ziada ambazo hutolewa mchezaji anapoweka kete zote saba kwa mkupuo mmoja.

Neno la kwanza la kuhifadhi ni QI, yaani nguvu ya uhai katika fikra za Wachina. Q ina thamani ya alama 10 na I ina alama moja, lakini Q ikikaa kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu na kuunda QI kwa upande na QI nyingine kwa kushuka, mchezaji huvuna alama 62 kwa kete mbili tu. Sijui neno jingine fupi la Q lenye faida ya namna hiyo. Kumbukeni pia kwamba linapokea S au N mwishoni, likawa QIS au QIN, kwa hiyo msiliache mahali ambapo mpinzani atalirefusha na kufikia mraba mwekundu, ule unaozidisha alama za neno zima mara tatu.

Baada ya QI, ndipo Mswahili anapomzidi mwanafunzi wa Kiingereza kitupu, ingawa wageni wengi hawalitambui jambo hili mpaka waelekezwe. Sehemu kubwa ya maneno ya Q yasiyo na U iliingia Kiingereza kutoka Kiarabu, na mengi kati yake tunayo katika Kiswahili, ila sisi tuliiandika sauti ile kwa K. Kadhi ni QADI, kibla ni QIBLA, talaka ni TALAQ, wakfu ni WAQF, fakiri ni FAQIR, nikabu ni NIQAB, kaswida ni QASIDA na fikihi ni FIQH. Hata miraa inayouzwa vibandani Kondele imo, kwa jina la QAT. Hakuna haja ya kuyakariri kama mageni; kinachohitajika ni kuzoea tahajia, na humo mna mambo mawili ya kuangalia. Kiswahili hupenda kumalizia neno kwa irabu, ilhali Kiingereza mara nyingi kimeiacha konsonanti ya mwisho wazi, ndiyo maana TALAQ haina A mwishoni na WAQF haina U. Tena, dh yetu imekuwa D tupu katika QADI, na anayeongeza H hupoteza zamu yake.

Msije mkadhani kwamba kila K ya asili ya Kiarabu inaweza kugeuzwa Q. QALAMU haimo, hata mkibishana mpaka usiku. Kila neno lazima lithibitishwe katika orodha ya Collins, yaani orodha ya maneno yanayokubalika katika Scrabble, ambayo ndiyo hutumika katika mashindano ya kimataifa na katika sehemu kubwa ya Afrika. Programu nyingi za simu hutumia orodha ya Marekani, ambayo ni fupi kuliko ya Collins, kwa hiyo chagueni orodha kabla ya kuanza kujifunza. Wapo wanaofurahi mno kukuta UGALI, MATATU na HARAMBEE katika Collins. Ni furaha halali, lakini haiwaondolei Q mkononi.

Maneno yaliyobaki ni mchanganyiko: QANAT ni mfereji wa maji unaopita chini ya ardhi, QOPH ni herufi ya Kiebrania, UMIAQ ni mtumbwi wa ngozi wa watu wa kaskazini ya mbali, na QWERTY ni mpangilio wa kibodi uliopo mbele yenu kila siku. Hayo someni polepole.

Mtasikia ikisemwa kwamba maana haina kazi katika mchezo huu, na mfano utakaotolewa ni wa Nigel Richards wa New Zealand, ambaye mwaka 2015 alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza lugha hiyo. Mfano ni wa kweli, lakini kwa anayeanza naona haufai, kwa sababu kumbukumbu kama ile ni ya wachache mno. Neno lililofungamana na kitu unachokijua, kama mahakama ya kadhi au kikundi cha kaswida, huja haraka saa ya mashindano inapokimbia.

Jambo la mwisho ni hesabu ya kete mchezo unapokaribia kwisha. Ukibaki na Q wakati mpinzani amemaliza zake, unakatwa alama 10 naye anaongezewa 10, hivyo tofauti inakuwa 20, na michezo mingi huamuliwa kwa chini ya hapo. Weka karatasi pembeni na ufute kila herufi inayotoka, ukiziangalia zaidi I, ambazo ni tisa katika mfuko mzima. Ikiwa Q haijaonekana, huna nayo, na mfuko umekwisha, basi iko kwa mpinzani. Tafuta kila I iliyo wazi ubaoni na uizibe, hata kama zamu hiyo itakuletea alama chache.