Mbwa wangu anashikwa na kifafa, na dawa niliacha mwenyewe

*Shikamoo Shangazi. Mbwa wangu Simba ana miaka 3. Miezi mitano iliyopita alianza kuanguka kifafa. Daktari wa mifugo alimpa fenobabitoni, akakaa mwezi mzima bila kuanguka, nikajua amepona, nikaacha dawa. Usiku wa kuamkia leo ameanguka mara mbili. Nilimtia kijiko mdomoni asimeze ulimi, akaning'ata. Alipozinduka alizunguka nyumba nzima kama hanijui. Jirani anasema ni kichaa cha mbwa. Usingizi sina tena. Nifanyeje? — Mama Simba*

Marahaba mwanangu. Tuanze na mkono wako. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya leo hii, ukaeleze kama Simba amechanjwa au la. Kuhusu jirani, kichaa cha mbwa hakimpi mnyama mwezi mzima wa kucheza na kula vizuri. Dalili zikishatokea, mbwa hufa ndani ya siku chache. Hospitali nenda hata hivyo, kwa sababu jino la mbwa ni jino la mbwa.

Ukitoka huko, mpigie daktari wa mifugo, usingoje kesho. Kuanguka mara mbili ndani ya saa 24 ni dharura, hata kama sasa anatikisa mkia. Mwambie wazi kwamba uliacha dawa, na tangu siku gani. Bila hilo hawezi kupanga dozi. Usijirudishie vidonge kwa kukisia. Ule mwezi wa utulivu ulikuwa kazi ya dawa, haukuwa uponyaji. Ubongo ukishaizoea fenobabitoni, ukiikata ghafla kifafa hurudi, na mara nyingi hurudi kikali zaidi. Hukujua, mwanangu, na wengi hukosea hapohapo.

Akianguka tena, kitu cha kwanza ni kutazama saa. Hofu hufanya dakika moja ionekane kumi, na daktari anahitaji dakika za kweli. Kijiko kiache jikoni: mbwa hamezi ulimi wake, ila taya zake zitavunja meno yake au vidole vyako. Mvute kwa kiuno mbali na ngazi na miguu ya meza, weka nguo laini kando ya kichwa, zima taa na redio, toa mbwa wengine nje kwani huweza kumshambulia. Kwa kawaida mtikisiko huisha ndani ya dakika 1 hadi 2. Ukifika dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mbebe kwenda kwa daktari palepale. Misuli inayotetemeka hivyo huchemsha mwili, kwa hiyo njiani mlowanishe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, si barafu, na mpepee. Muulize daktari pia kuhusu diazepamu, dawa ya kukatiza mtikisiko, ya kutiwa njia ya haja kubwa, ukae nayo nyumbani, naye akuonyeshe kwa mkono wake inavyowekwa.

Kule kuzunguka bila kukujua ni ubongo unaorudi taratibu. Huenda asione kwa muda, agonge kuta, alie njaa. Usimkumbatie. Ziba ngazi, mwache atembee, na usimpe chakula wala maji mpaka atembee bila kuyumba.

Sasa vidonge. Dozi ya kuanzia huwa karibu miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya saa 12. Kipimo cha Simba atakitaja daktari. Wewe shika saa: saa moja asubuhi, saa moja jioni, hata sikukuu. Ukisahau, mpe ukikumbuka, lakini usimpe mbili kwa mpigo. Na hakikisha amemeza! Mbwa hodari huficha kidonge kati ya shavu na fizi, akakitema nyuma ya mlango. Kiweke nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, mpapase koo kuelekea chini, ungoje mpaka alambe pua. Akishalamba pua, kimepita.

Wiki mbili za kwanza atalegea miguu ya nyuma na kulala sana. Atakunywa maji mno, atakojoa mno, ataomba chakula kila saa. Maji mwachie, chakula kipime, asinenepe. Baada ya kama wiki mbili apimwe kiwango cha dawa kwenye damu, kisha damu na ini kila miezi 6. Macho au fizi zikigeuka manjano, au akikataa chakula, usingoje tarehe ya kipimo.

Sitakuahidi kwamba hataanguka tena. Mbwa wengi wanaotunzwa vizuri huendelea kuanguka mara mojamoja, na tunahesabu ushindi pale nafasi kati ya mara moja na nyingine inaporefuka. Ndiyo maana uwe na daftari: tarehe, saa, dakika ngapi, alikuwa amelala au macho, dozi ya mwisho saa ngapi. Mtu mwingine apige video.

Na usingizi wako: kifafa cha mbwa hupenda kuja akiwa amepumzika au amelala, kwa hiyo mtandikie godoro sakafuni, mbali na ngazi, mahali ambapo utasikia kucha zikikwaruza. Gawaneni usiku na mwenzako. Akiwa anatetemeka hana fahamu, mwanangu, hasikii maumivu.