Kana nyekundu zilikosa nini?

Wiki hii mmetuuliza iwapo bustani ya maua ya nyumbani yastahili kuitwa sanaa, au ni sehemu tu ya usafi wa boma. Naandika kutoka Nakuru, na jibu langu ni kwamba ni sanaa, ingawa kwangu haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka minne ya kwanza nilikuwa mkusanyaji tu: kila kitawi nilichopewa na jirani nilikichomeka palipokuwa wazi, na kila kilichoshika nilikiacha.

Mambo yalibadilika siku nilipong'oa kana nyekundu zilizokuwa na afya kabisa. Zilisimama nyuma ya agapanthasi za buluu, na kila nilipotazama kutoka mlangoni, jicho lilikimbilia wekundu ule na buluu ikawa kama haipo. Mama mkwe wangu, aliyekuwa barazani akichambua managu, aliuliza maua hayo yamekosa nini. Sikuwa na sababu ya kilimo ya kumpa. Kosa lilikuwa la rangi tu. Mahali pale nilipanda deizi nyeupe, na sasa saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaposhuka upesi kama lifanyavyo huku karibu na ikweta, ni weupe huo unaobaki ukionekana wakati buluu imekwisha kuzama.

Wengi watamtaja Claude Monet, mchoraji Mfaransa aliyehamia Giverny mwaka 1883 na kuchora mayungiyungi ya kidimbwi chake hadi uzeeni. Mfano huo ni mzuri, lakini yeye alikuwa na majira ya baridi ya kumfungia bustani na kumfungulia upya. Kwetu urefu wa siku haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo mpangilio wa wakati hutegemea mvua na makasi. Mawaridi yangu huyakata kwa zamu, nusu leo na nusu baada ya wiki tatu, ili upande mmoja uchanue mwingine ukiwa bado vichipukizi. Bogenvilia nayo ina ujanja wake: tunachokiita ua ni majani yaliyopata rangi, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Ukiinywesha kupita kiasi hutoa majani ya kijani tu, na ndiyo maana udongo wetu wa volkano usioshika maji, ambao wakulima wa mboga huulalamikia, huifaa sana.

Kona iliyo kando ya tangi la maji bado inanishinda. Nimepanda na kung'oa mara tatu. Mama mkwe anashauri niweke sukuma wiki, kwa kuwa maua hayaliwi, na sharti nikiri kwamba majani yake, yenye kijani cha kukaribia buluu, yangepatana vizuri na agapanthasi.